ALFRED BLALOCK: MPASUAJI ALIYENYIMWA NAFASI

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akishahitimu udaktari, basi, ameshafika. Wapi! Anayetaka kuwa mpasuaji huanza upya kama mwanagenzi, na kupata kazi ya mwaka mmoja si kupata nafasi ya kudumu. Hayo yalimpata Alfred Blalock.

Blalock alizaliwa mwaka wa 1899 huko Culloden, mji mdogo katika jimbo la Georgia, Marekani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, akahitimu mwaka wa 1922. Alama zake hazikuwa za kujivunia sana.

Hospitali ya Johns Hopkins ndiko Daktari William Halsted alikoanzisha mpango mashuhuri wa kufunza wapasuaji. Mpango huo ulikuwa mfano wa piramidi. Waliingia wengi chini, wakapunguzwa ngazi baada ya ngazi, na kileleni akabaki mmoja tu, yaani mwanagenzi mkuu.

Blalock aliutamani upasuaji, lakini kwanza akapewa idara ya magonjwa ya njia ya mkojo. Akajitahidi, akaingizwa katika upasuaji kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, lo! Hakuteuliwa tena. Ikabidi ajishikize katika idara ya masikio, pua na koo huku akitafuta njia nyingine.

Njia ilipatikana mwaka wa 1925. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, kilikuwa na hospitali mpya iliyohitaji watu. Blalock akawa mwanagenzi mkuu wa kwanza wa upasuaji pale. Kile kilele alichonyimwa Baltimore alikipata Nashville. Hata hivyo mambo hayakuwa mteremko. Mwaka wa 1927 aliugua kifua kikuu, akaacha kazi kwa muda mrefu ili atibiwe.

Aliporudi alizama katika utafiti. Wakati huo wengi waliamini kwamba aliyeumia vibaya hulegea na kufa kwa sababu ya sumu inayotoka kwenye jeraha. Blalock alionyesha kwamba tatizo ni kupungua kwa damu na maji mwilini, kwa hiyo mgonjwa aongezwe. Ujuzi huo uliokoa askari wengi katika Vita vya Pili vya Dunia.

Mwaka wa 1930 alimwajiri kijana Mwafrika wa Marekani, Vivien Thomas, fundi seremala aliyetamani kuwa daktari lakini akiba yake ya karo ikapotea benki ilipoanguka. Thomas akawa mkono wa kulia wa Blalock katika maabara, ingawa kwa miaka kadhaa aliandikwa kama mtumishi wa usafi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

Mwaka wa 1941 Johns Hopkins ilimwita Blalock arudi. Safari hii hakuwa mwanagenzi, bali mkuu wa upasuaji wote! Akaenda na Thomas. Huko Daktari Helen Taussig aliwaeleza juu ya watoto waliogeuka rangi ya samawati kwa kuwa damu haikufika mapafuni vya kutosha. Thomas alijaribu upasuaji kwa mbwa. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alimpasua mtoto wa kike, akaunganisha mshipa wa kwenda mkononi na ule wa kwenda mapafuni, huku Thomas amesimama nyuma yake akimwelekeza. Mtoto huyo alifariki miezi michache baadaye, lakini wengi waliofuata walipona.

Blalock alifariki mwaka wa 1964. Thomas hakuwahi kusomea udaktari. Chuo hicho kilimpa shahada ya heshima mwaka wa 1976.

Wenzangu, Blalock alifungiwa mlango mmoja akapata mwingine. Thomas hakufunguliwa hata wa kwanza, na bado mikono yake iliokoa watoto. Tukikosa nafasi tuliyoitaka, tuulize kwanza ni wapi tunahitajika.