Nanji Kalidas Mehta: Ibada kati ya pamba na miwa

Katika miaka ya 2000, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, kusini mwa China, ulijaa wafanyabiashara kutoka Afrika. Kati ya marobota ya nguo na makasha ya simu, Kiswahili nacho kilisikika. Ijumaa baadhi yao walikwenda msikitini, Jumapili wengine kanisani, kisha wote wakarejea kwenye bei na mizigo. Aliyewahi kuishi ugenini anajua jinsi ibada inavyokuwa ya kwanza kuahirishwa. Mtu ailee vipi roho yake huku akili imezama katika faida na hasara? Karne moja kabla yao, swali hilo lilimkabili kijana wa Kihindu aliyeivuka bahari kwa upande wa pili, kutoka Asia kwenda Afrika.

Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, Gujarat, katika jamii ya Walohana, watu wa biashara tangu zamani. Alikuwa na umri wa takriban miaka 13 alipofika Afrika Mashariki. Alianzia dukani, akajitegemea nchini Uganda, akanunua pamba na kumiliki vinu vya kuichambua. Mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari huko Lugazi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, cha kwanza nchini humo.

Utajiri huo unafahamika. Kisichosimuliwa sana ni imani iliyoandamana nao.

Mafundisho ya Kihindu huyagawa maisha katika hatua nne: uanafunzi, ndoa na familia, kujitenga na shughuli, na hatimaye kuuacha ulimwengu kabisa. Wengi hudhani kwamba utakatifu umo katika hatua ya mwisho peke yake, na kwamba ile ya pili ni ya kustahimiliwa tu. Lakini vitabu vya kale vya sheria ya Kihindu vinampa heshima kubwa mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye anayewalisha wengine wote, hata mtawa anayebisha hodi na bakuli tupu. Kila siku hudaiwa wajibu wa namna tano: kusoma maandiko, kutoa sadaka ya moto, kuwaenzi wahenga, kumkirimu mgeni na kuwalisha viumbe wengine.

Nanji aliyapokea mafundisho hayo kupitia Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi iliyoasisiwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati, naye mzaliwa wa Kathiawar, rasi ile ile ya Gujarat. Dayananda alipinga ibada ya sanamu na kutaka Veda zisomwe na wote, wanawake wakiwemo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtawa aliyetoroka kwao ili asiozwe. Hata hivyo mafundisho yake yaliwafaa sana watu wenye wake, watoto na madaftari ya madeni.

Kwa Nanji, imani hiyo ilidai matendo. Katika miaka ya 1930, yeye na mkewe Santokben walianzisha mjini Porbandar shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, wakati ambapo Wahindu wengi wenye kushika mapokeo waliamini kuwa Veda si za masikio ya mwanamke. Binti yao Savita alikuja kuiongoza. Baadaye Nanji aligharimia ujenzi wa Kirti Mandir, kando ya nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi. Jengo hilo lina urefu wa futi 79, idadi ya miaka ya Gandhi, na sura yake imechanganya alama za dini mbalimbali. Lilifunguliwa mwaka 1950.

Hata hivyo sifa hizi zisitufumbe macho. Mali iliyojenga majengo hayo ilitoka katika uchumi wa kikoloni, ambamo mkulima Mwafrika alilima pamba na faida ya kuichambua ikabaki kwa wengine. Mwaka 1949 ghasia zilizuka Buganda, na miongoni mwa madai ya wakulima ilikuwa haki ya kuichambua pamba yao wenyewe. Wajibu wa mwenye nyumba kwa mgeni umeandikwa. Wajibu wa mgeni mwenye mali kwa wenyeji wake ni mgumu zaidi kuupata katika maandiko, na Nanji hakuumaliza.

Uzee haukumpeleka msituni. Aliandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Dream Half Expressed, yaani ndoto iliyoelezwa nusu, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Alifariki mwaka 1969.

Miaka mitatu baadaye Idi Amin aliwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Familia ya Mehta ikapoteza Lugazi, mashamba pamoja na kiwanda. Amri hiyo haikufika Porbandar, ambako wasichana waliendelea na masomo yao ya Kisanskriti. Katika miaka ya 1980 warithi wa Nanji walikuwa wamerudi Uganda, safari hii kwa ubia na serikali, wakaanza kukifufua kiwanda na kupanda miwa upya.