Atiman, Mganga wa Karema

Mgonjwa wa Ukara au Kome akizidiwa usiku, jamaa zake huutazama upepo kwanza, ndipo wautafute mtumbwi. Sisi wa mjini Mwanza, tunaouona mlima wa Bugando kila asubuhi pamoja na hospitali yake iliyofunguliwa mwaka 1971, husahau upesi jambo hilo. Leo twapenda kumkumbuka mtu wa ziwa jingine, Adrian Atiman.

Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Angali mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko akakombolewa kwa fedha na mapadri wa shirika la Kardinali Lavigerie, lile lile lililofika Bukumbi karibu nasi mwaka 1883. Kardinali alitaka Afrika itibiwe na Waafrika. Basi Atiman akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alianza safari ya kuja huku mwaka 1888, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Hapo alitibu watu kwa miaka 67. Tunamwomba msomaji airudie tarakimu hiyo. Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakashika nafasi yao, naye yupo pale pale. Alioa kwa Wabende, akamwoa Agnes Wansabira, na mwana wao Joseph akapata upadri mwaka 1923.

Tunavijua vituo vya visiwani ambako mganga huwasili Januari, na barua yake ya kuomba uhamisho huandikwa Machi. Hatumlaumu sana. Nyumba hana, dawa hungoja kivuko, na kivuko nacho hungoja matengenezo. Waheshimiwa wanaopanga watumishi wakimsifu Atiman kwa moyo wake tu, watakuwa wamejirahisishia kazi. Kilichomshika Karema ni kwamba pamekuwa kwake: mke, wakwe, watoto, majirani. Vijana wa Ukerewe, Ukara na Kome wanaozaliwa na ukwao huo wapo. Wapewe nafasi za masomo ya uganga kabla ya wengine, na wakirudi wakute nyumba yenye mlango na kabati lenye dawa.

Atiman alifariki Aprili 1956, Karema. Timbuktu hakurudi tena.