LOUIS BRAILLE: MWANAFUNZI ALIYEWAPA VIPOFU KALAMU

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akishona matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka 3 alichezea msharasi wa baba yake, ukamchoma jicho. Jicho likaharibika, ugonjwa ukaambukiza la pili, akawa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika shule ya vijana vipofu. Vitabu vilikuwepo, lakini vizito na vichache, vyenye herufi za kawaida zilizotokezwa juu ya karatasi. Mwanafunzi alizipapasa moja moja. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Na kuandika ndiyo kabisa, hakuwezi. Waliobuni vitabu hivyo walikuwa na macho, na ni macho yao waliyoyaridhisha.

Baadaye Bwana Charles Barbier, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi, aliiletea shule mtindo wake wa nukta zilizotokeza, hadi 12 kwa fungu moja. Louis akauonja, akaona kasoro. Fungu la nukta 12 halienei chini ya ncha ya kidole. Sharti kidole kipande na kushuka. Tena ziliwakilisha sauti tu, tahajia ikapotea. Basi akapunguza: nukta 6, safu 2 za nukta tatu tatu. Kidole kikigusa mara moja, kimesoma. Nukta hizo hutoa alama 63, zikatosha herufi, tarakimu, vituo, hata muziki. Sehemu kubwa ya kazi hii aliimaliza mwaka 1824, akiwa na miaka 15. (Vijana wa Kidato cha Pili, mpo?) Na kalamu yake ilikuwa kijiti chenye ncha, jamaa ya ule msharasi.

Alichapisha mtindo wake mwaka 1829, akawa mwalimu hapo hapo shuleni. Lakini mkuu mpya, Bwana Dufau, akaupiga marufuku. Wanafunzi hawakukubali, waliendelea kuandikiana kwa siri. Mwaka 1844 ulionyeshwa mbele ya hadhara, na marufuku ikaisha.

Braille alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852. Shule yake iliukubali rasmi mtindo huo mwaka 1854. Mwaka 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Mikono yake iliachwa Coupvray.