Padre René Just Haüy na Fuwele Zenye Umbo la Kuazima

Tunapoliokota jiwe lenye nyuso laini na kingo zilizonyooka, tuna haraka ya kulipa jina kwa kulitazama tu. Padre René Just Haüy, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1743 katika nyumba ya mfumaji maskini, ndiye aliyeeleza umbo hilo hutoka wapi.

Alikuwa mwalimu jijini Paris. Siku moja, akitazama madini ya rafiki yake, fuwele ya kalsaiti ilimponyoka ikavunjika. Pamoja na aibu aliyoipata, aliokota kipande akaona kwamba nyuso zake mpya hazifanani na zile za nje. Alirudi nyumbani akazivunja kalsaiti zake mwenyewe, za maumbo mbalimbali, na zote zikapasuka kuwa vipande vya umbo moja, mfano wa mchemraba ulioinamishwa upande. Ndipo alipofundisha kwamba fuwele hujengwa kwa matofali madogo mno yanayofanana, safu juu ya safu.

Wakati wa Mapinduzi alikataa kula kiapo ambacho serikali iliwadai mapadre, na mwaka 1792 alifungwa katika Seminari ya Mtakatifu Firmin. Aliomba aletewe madini yake, akaendelea kuyapanga humo kifungoni. (Sisi tuliolelewa seminarini tunamwelewa: kazi iliyozoeleka hutuliza moyo.) Kijana mwanafunzi wake, Geoffroy Saint-Hilaire, alihangaika hadi akapata hati ya kumfungua, lakini padre alisita kutoka mpaka kesho yake. Mwanzoni mwa Septemba mapadre wengi waliobaki humo waliuawa. Kanisa liliwatangaza Wenyeheri mwaka 1926.

Kitabu chake kikubwa cha madini kilitoka mwaka 1801. Hakutosheka na umbo, kwa maana zipo fuwele zenye umbo la kuazima. Pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa dhahabu, huweza kugeuka polepole kuwa kutu ya chuma, na mchemraba wake ukabaki na kingo zote. Anayeamini macho ataiita pairaiti. Lakini sampuli hiyo ikisuguliwa juu ya kigae cheupe huacha alama ya kahawia au manjano, ilhali pairaiti halisi huacha alama nyeusi yenye ukijani. Haüy mwenyewe alipima ugumu, uzito, hata umeme unaojitokeza jiwe likisuguliwa au kupashwa moto.

Alifariki Paris mwaka 1822, baada ya kuanguka chumbani mwake na kuvunjika mfupa wa paja.