Richard Shope, daktari aliyeyafuata mafua hadi banda la nguruwe

Kama nyumbani kwako kuku na nguruwe wanakunywa maji kwenye chombo kimoja, leo nataka umfahamu Richard Shope.

Alizaliwa mwaka 1901 mjini Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, eneo la mahindi na nguruwe. Alisomea udaktari wa binadamu, akamaliza 1924, kisha akafanya kazi Taasisi ya Rockefeller huko Princeton.

Janga la mafua la 1918 lilipoua mamilioni ya watu, nguruwe wa Iowa nao waliugua homa na kikohozi. Daktari wa mifugo J. S. Koen alisema huo ni ugonjwa uleule wa watu. Wafugaji hawakufurahi, maana nani angenunua nyama?

Shope hakulipuuza. Alirudi Iowa, akachukua majimaji ya njia ya hewa ya nguruwe wagonjwa na kuyapitisha kwenye chujio ambalo bakteria hawapenyi. Kilichopita aliwatia nguruwe wazima puani, nao wakaugua. Mwaka 1931 alitangaza kuwa ni kirusi. Cha binadamu kilipatikana London miaka miwili baadaye.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya damu. Alikuta watu wazima waliopitia 1918 wana kingamwili dhidi ya kirusi cha nguruwe, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye hawana. Kumbe Koen hakukosea.

Shope alifariki 1966. Hakuona nguruwe wa Ulaya wakikutwa na virusi kutoka kwa ndege mwaka 1979, wala janga la 2009 lililoanzia kwa nguruwe. Njia ya hewa ya nguruwe hupokea virusi vya ndege na vya binadamu pia. Vikikutana ndani ya seli moja hubadilishana vinasaba, na kinaweza kutoka kirusi kipya ambacho mwili wako haujawahi kukutana nacho. (Kitimoto iliyoiva vizuri haikuambukizi mafua. Hatari iko bandani.)

Oktoba 2024, kwenye shamba dogo huko Oregon, Marekani, nguruwe alikutwa na H5N1, mafua makali ya ndege. Kuku na nguruwe wa shamba hilo walichangia maji na mabanda. Basi tenganisha vyombo vyako leo. Kuku wakifa ghafla kwa wingi, usiwatupie nguruwe mizoga. Usiishike mikono mitupu, na mwite ofisa mifugo siku hiyohiyo.