Roald Dahl na Chokoleti Zake

Kengele ya saa nne ikilia si mnajua tunakokimbilia? Pale kwa mama wa peremende nje ya lango. Basi Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa hadithi za watoto, naye alianzia mahali kama hapo.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Wales. Wazazi wake walitoka Norway. Mwaka wa 1920 dadake Astri aliaga dunia, na baada ya wiki chache babake akamfuata. Roald alikuwa na miaka 3 tu.

Njiani kwenda shule palikuwa na duka la peremende, na yeye na wenzake hawangeweza kulipita hivi hivi. Lakini mwenye duka alikuwa mama mkali, tena mchafu ajabu. Siku moja mwaka wa 1924 wakamtilia panya mfu ndani ya chupa ya peremende. Lo! Kila mmoja alikula viboko vinne vya mwalimu mkuu, yule mama akiwa papo hapo akishangilia. Mamake Roald alipoona alama mwilini mwa mwanawe alikasirika, na mwishowe akamhamisha.

Kiboko hakikumtoa hamu. Alipokuwa Repton, shule ya bweni, kampuni ya Cadbury iliwatumia wanafunzi visanduku vya chokoleti mpya wazionje na kuzipa alama. Hebu fikiria, mtihani wa chokoleti! Mimi hapo ningekuwa namba moja. Roald akaanza kuota juu ya chumba cha siri ambamo watu wazima huvumbua chokoleti.

Mwaka wa 1934 aliajiriwa na Shell mjini London. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikula chokoleti moja, na ile karatasi yake ya kung'aa akaiviringa juu ya nyingine mpaka ikawa kama mpira. Mpira huo alikaa nao hadi uzeeni, juu ya meza ya kibanda alimoandikia.

Mwaka wa 1938 alitumwa Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka wa 1939 aliendesha gari hadi Nairobi, akafunzwa urubani.

Ndoto ya Repton ikawa kitabu, Charlie and the Chocolate Factory, mwaka wa 1964. Hapa nina neno. Wafanyakazi wa kile kiwanda aliwafanya kuwa watu weusi wafupi kutoka msitu wa Afrika, ati mshahara wao ni kakao! Mtu aliyeishi kwetu na kusema lugha yetu? Alilaumiwa, akawabadilisha katika toleo la 1973. Hata hivyo, kitabu chenyewe ni kitamu.

Nyumbani kwake, baada ya mlo, kisanduku cha chokoleti kilizungushwa mezani, kila mgeni achague. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990 akazikwa Great Missenden, Uingereza. Inasemekana kaburini alitiliwa penseli zake, na chokoleti pia.