Bakhita: Nyumba Iliyomsaidia Kusema Hapana

Rafiki, Bakhita alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mtoto mdogo. Kwa hofu alisahau hata jina lake. Hili la Bakhita, ndugu wa neno letu bahati, alipewa na watekaji. Aliuzwa mara kadhaa, akachanjwa chale mwilini kwa wembe.

Mwaka 1888, huko Venezia, Italia, aliachwa kwa Masista Wakanosa, wakamfundisha dini. Bibi aliyemmiliki aliporudi kumchukua, Bakhita akakataa. Masista wakasimama naye. Tarehe 29 Novemba 1889 akatangazwa huru, na 9 Januari 1890 akabatizwa. Baadaye akawa sista.

Sheria ilimfungulia mlango, lakini nguvu ya kukataa aliipata ndani ya ile nyumba. Basi, parokiani kwako akirudi binti aliyeuzwa mbali, usianze na maswali. Mkaribishe kwanza.

Mtakatifu Bakhita, utuombee.